Maswali ya Wasomaji: Ni Nini Kinachozishika Seli za Ngozi Zisiachane?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi wa dagaa katika mwalo wa Igombe, Mwanza. Mikono yangu hulowa usiku kucha tunapovuta nyavu, na kufika asubuhi vidole vimekunjamana, lakini ngozi haibanduki. Binti yangu wa kidato cha nne anasema ngozi imejengwa kwa seli ndogo zisizoonekana kwa macho. Kama ndivyo, ni gundi gani inayozishika? Na mbona vijidudu vya kichocho hupenya hata pasipo jeraha?

JIBU: Ndugu msomaji, binti yako amesema kweli. Tabaka la juu la ngozi, sawa na utando wa ndani wa kinywa, utumbo na kibofu, ni tishu ya epithelia, yaani tishu ambayo seli zake zimebanana kiasi kwamba nafasi iliyobaki baina yake ni finyu mno. Hata hivyo, hakuna gundi iliyomwagwa katikati. Kila seli ina protini zinazochomoza nje ya utando wake na kukamatana na protini za seli jirani, na kwa upande wa ndani protini hizo zimefungwa kwenye nyuzi zinazoipa seli uimara. Kwa hiyo kamba ya wavu inapovuta ngozi ya kiganja, nguvu yake haibaki mahali pamoja bali hupita kutoka seli hadi seli na kugawanywa.

Viungo hivyo, yaani mahali seli zinaposhikana, si vya aina moja, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita upesi mno. Mwaka 1963 Marilyn Farquhar na George Palade, wakitumia hadubini ya elektroni, walionyesha kwamba ubavuni mwa seli za epithelia nyingi mna viungo vitatu vinavyofuatana kwa mpangilio uleule kutoka juu kwenda chini. Wewe unayeishi na mitumbwi utaelewa kwa nini havitoshi vya aina moja: fundi hupigilia misumari ili mbao zisiachane, kisha hutia kalafati ili maji yasipenye, wala hategemei kalafati ishike mbao au msumari uzuie maji. Kiungo cha juu kabisa, chenye protini ziitwazo klaudini, kinafanya kazi ya kalafati, na katika utumbo ndicho kinachodhibiti maji na chumvi zinazopita kati ya seli na seli.

Kazi ya kushika ni ya viungo viwili vya chini. Cha kwanza ni mkanda wa protini ziitwazo kadherini, zilizogunduliwa kutokana na utafiti wa Masatoshi Takeichi wa Japani, nazo haziwezi kufanya kazi bila kalsiamu. Kalsiamu huikaza sehemu ya protini iliyo nje ya seli. Ikiondolewa, sehemu hiyo hulegea na mshiko hupotea. Maabara hulitumia jambo hili kila siku: seli zilizoota kwenye sahani hutiwa kemikali inayonyakua kalsiamu, pamoja na kimeng'enya kinachokata protini, na baada ya dakika chache seli zilizokuwa bapa na zimeshikana huanza kujikunyata, huwa duara, kisha huelea moja moja.

Kiungo cha tatu ni desmosomu, doa dogo lisilofikia hata mikromita moja kwa upana, lililofungwa kwenye nyuzi za keratini ndani ya seli zote mbili. Ngozi ina madoa hayo kwa wingi kwa sababu huvutwa na kusuguliwa daima. Umuhimu wake huonekana katika ugonjwa wa pemfigasi, ambapo kingamwili za mgonjwa mwenyewe hushambulia protini za desmosomu. Seli huachana, malengelenge hutokea kinywani na mwilini, na daktari akisugua kwa kidole ngozi inayoonekana nzima kando ya lengelenge, tabaka la juu huweza kuteleza na kubanduka. Lengelenge la kamba au kasia ni jambo jingine: hapo msuguano huzirarua seli zenyewe, kisha majimaji hujaa palipochanika.

Kuhusu vidole kukunjamana, usihangaike; viungo vya seli havijalegea. Neva ndizo zinazoamuru mishipa ya damu ya vidole ijibane, na ndiyo maana kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani kikiloweshwa.

Sasa kichocho. Lava, yaani minyoo wachanga wa kichocho, wanaotoka kwa konokono wa ziwani hawangoji jeraha wala hawatafuti ufa. Wakigusa ngozi, hutoa vimeng'enya vinavyokata protini, hujisukuma kupitia tabaka la seli zilizokufa na kuingia kati ya seli hai, huku mkia ukiachwa nyuma. Chini kabisa huukuta utando ambao seli za tabaka la mwisho zimejishikiza kwa protini ziitwazo integrini, na huo nao huupenya. Dakika chache zinatosha kuingia ndani ya ngozi, kwa hiyo kukagua kama una mchubuko kabla ya kuingia majini hakukukingi na kichocho. Dawa ya prazikwanteli, kwa upande wake, huua minyoo waliokwisha kukomaa mwilini, lakini haiifanyi ngozi kuwa ngumu kupenywa na lava utakaokutana nao baadaye.