Jahazi lililokonda: picha ya nyuma na dirisha linalotanuka

Mzee aliyenipa kazi alisogea karibu na ukuta, akaitazama picha, akauliza: “Mwanangu, mbona jahazi langu limekonda?”

Nilimtengenezea programu ya kuandikisha wageni wa gesti yake, kwa lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha, na nyuma ya fomu nikaweka picha aliyoipiga mwenyewe: jahazi limetweka tanga. Kwenye laptopu yangu ya 1366 kwa 768 lilipendeza. Kwenye projekta ya 1024 kwa 768 tanga lilibanwa kama mwavuli uliofungwa. Niliilazimisha picha ifuate upana na kimo cha dirisha, kila kimoja kivyake.

Siku hizi naanza na hesabu. Gawa upana wa dirisha kwa upana wa picha, kisha kimo kwa kimo. Katika namba hizo mbili chukua iliyo kubwa, uzidishe nayo pande zote za picha. Picha ya mzee ilikuwa 1600 kwa 900. Kwa projekta ile, upana unatoa 0.64 na kimo 0.853. Kwa 0.853 picha inakuwa 1365 kwa 768: kimo kimeenea barabara, upana umezidi pikseli 341, basi unakata kama 170 kila upande. Kinachopotea ni bahari ya pembeni. Jahazi linabaki na umbo lake. Namba ndogo haikati kitu, ila inaacha mapengo juu na chini. Hiyo naitumia kwa nembo tu.

Kilichonisumbua zaidi ni picha kuingia ukungu. Dirisha likibadilika ukubwa, Tkinter hutoa tukio la Configure, nami nilikuwa naikuza upya picha iliyokwisha kupunguzwa. Pikseli zilizotupwa hazirudi. Fungua faili mara moja kwa Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, itunze picha asilia, na kila mara anzia hapo. Ile unayoionyesha nayo ishikilie kwa jina linalodumu ndani ya programu, self.picha inatosha; ukiiacha ndani ya fanksheni, fanksheni ikiisha nayo inafutwa, unabaki na dirisha tupu lisilolalamika kosa lolote. Jioni yangu nzima iliishia hapo.

Halafu kuna kuganda. Mtu akiburuta kona ya dirisha, Configure huja mfululizo, na kompyuta ya mapokezi ilikuwa ya zamani. Kila tukio likiingia nafuta agizo la kuchora lililotangulia kwa after_cancel, naweka jipya kwa after, lisubiri milisekunde 150. Mkono ukitulia ndipo picha inachorwa. Iweke kwenye Canvas, yaani ubao wa kuchorea wa Tkinter, usiiweke kwenye Label, kibandiko kinachojipima kwa picha yake, maana picha itaikuza Label, Label italeta Configure nyingine, na dirisha linaweza kutanuka lenyewe.

Nilipomrudishia, mzee aliikamata kona ya dirisha akaivuta taratibu hadi ukingoni mwa skrini, akairudisha, akaivuta tena, macho yote kwenye tanga.