Acheni "bado kidogo": kwa waongozaji wapya wa Mlima Meru

Wiki iliyopita nilipishana na kijana mmoja pale Cobra Point, kituo cha ukingoni chini ya kilele, giza bado, upepo unakata masikio. Mgeni wake kamuuliza kumebaki mbali? Akajibu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Bado kidogo tu! Dakika ishirini!" Nikammulika. Alikuwa na koti jipya, tochi mpya, na uongo wangu wa zamani.

Haya, wadogo zangu, nyie mnaopewa Meru kama mazoezi ya kusubiri Kilimanjaro, sogeeni.

1. Kutoka geti la Momella hadi Miriakamba, kibanda cha kwanza cha kulala, hakuna wa kumtangulia askari wa hifadhi, hata wewe. Bunduki ile si pambo, na nyati wa pale chini hawasomi leseni yako. Njia ni mbili: wageni wapenda picha wapandishe kwa ile ndefu inayopita kwenye mkuyu uliojipinda kama lango, muda wa kushuka chukueni ya mkato.

2. Saddle Hut, kibanda cha pili, mita 3,570, usiwaache wageni walale mchana kutwa. Wapeleke Little Meru, kile kilele kidogo cha jirani, warudi walale chini ya walikofika.

3. Masaa. Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa asistanti nilipewa mama mmoja wa makamo, Mjerumani, mwalimu. Mwendo wake mzuri, anapumua vizuri, hana makuu. Tumetoka Saddle saa saba usiku, Rhino Point tumepita, tukafika Cobra Point kama saa kumi na moja alfajiri. Akaniuliza. Nikajua kabisa kwamba kumebaki saa nzima kwa mwenye nguvu, na saa moja na nusu na zaidi kwake. Nikasema dakika ishirini. Nilitaka kumtia moyo, ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikia baridi na sikutaka maswali.

Mama akaniamini. Akanywa maji ya moto yote yaliyobaki kwenye chupa, maana ya nini kuyabeba? Biskuti akanigawia mimi. Akaongeza mwendo! Mimi nyuma yake natafuna biskuti zake.

Baada ya nusu saa akauliza tena. Dakika ishirini.

Kisha kukapambazuka. Mnajua Meru ilivyo: upande wa mashariki ulishaporomoka zamani, kilichobaki ni ukingo uliopinda kama kiatu cha farasi, na sisi tunatembea juu ya huo ukingo. Gizani kilele unakiona kama kivuli cha hapo mbele. Mwanga ukitoka unaona ukingo wote unavyozunguka, Ash Cone, kile kilima cha majivu, iko chini kule shimoni, na kilele bado kimekaa upande wake, kimenyamaza. Nyuma yetu Kili imejitokeza juu ya mawingu, picha ya kalenda kabisa. Mama hakuiangalia. Alikaa kwenye jiwe, akanitazama mimi. "Ulikuwa unajua," akasema. Halafu akalia, kidogo tu, akavaa glavu zake.

Tulifika saa mbili kasorobo. Nilidhani yameisha.

Wakati wa kurudi, shimo liko kulia, tukafika kwenye majivu yaliyolala mteremko. Nikamwambia, kaa kushoto, kanyaga hapa ninapokanyaga. Hakusogea. Alimtazama askari. Mzee yule ikabidi arudi, bunduki begani, arudie maneno yaleyale niliyosema mimi, ndipo mama akanyanyua mguu. Pembeni yetu ukuta unashuka zaidi ya mita elfu moja, na mgeni wangu anasubiri mtu mwingine athibitishe kwamba kushoto ni kushoto. Toka pale mpaka Saddle kila kitu alimuuliza askari, hata choo.

Getini alinipa tipu kamili, kwenye bahasha, na asante. Ningefurahi zaidi angenikata.

Kwa hiyo sema masaa. Ukiulizwa Cobra Point, sema saa moja na nusu, kisha mwambie abakize maji.

4. Mawingu hujaa mapema asubuhi, kwa hiyo picha za kileleni ni dakika chache na mgeuze.

5. Mgumu wako, mbeba mizigo, amekula? Uliza kabla hujakaa na wageni mezani. Mnasahau, nawaona.

Yule kijana nilimkuta Miriakamba jioni. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye birika. Mgeni wake akampita, akaenda mpaka jikoni kumuuliza mpishi kama chai iko tayari.