Maswali na Majibu: Kinga ya Mama, Chanjo ya Surua na Umri wa Miezi Tisa

Wiki hii nimeyaweka pamoja maswali ya surua, ambayo wasomaji wengi wa Kenya huiita ukambi, kwa sababu yote yanagusa kipindi kimoja cha maisha ya mtoto: ile miezi ambayo kinga aliyopewa na mama inakwisha na chanjo bado haijafika.

Swali: Mwanangu ana miezi mitano. Amekwisha kuchanjwa kifua kikuu, polio na zile sindano za pajani. Kwa nini surua, ugonjwa unaoua, isubiri hadi atimize miezi tisa? (Mama, Morogoro)

Dada yangu, sababu imo katika damu ya mwanao, na wewe ndiye uliyempa. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito, hasa baada ya wiki ya 28, kondo la nyuma hupitisha kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake mara nyingi huwa na kingamwili za surua zinazolingana na za mama yake au hata kuzizidi. Hiyo ni akiba isiyoongezwa. Mwili wa mtoto hauwezi kuitengeneza upya, nayo hupungua wiki hadi wiki mpaka inapokwisha kabisa, mapema kwa mtoto mmoja na baadaye kwa mwingine.

Chanjo ya surua nayo ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na haifanyi kazi mpaka virusi hivyo vizaliane kidogo ndani ya mtoto ili mwili wake uvitambue na kujifunza kujikinga. Kingamwili za mama hazibagui kirusi cha ugonjwa na kirusi cha chanjo. Zikiwa bado nyingi, huvidhibiti vyote viwili. Mtoto aliyechanjwa mapema mno hapati madhara kwa sababu hiyo, ila anaweza kurudi nyumbani na kadi iliyojazwa huku mwili wake haujajifunza chochote. Sindano za pajani, kama ile ya pepopunda na kifaduro, hazina kijidudu hai kinachohitaji kuzaliana, na kwa kuwa hurudiwa mara tatu, upungufu wa dozi ya kwanza hufidiwa na zinazofuata. Matone ya polio hufanya kazi yake kwenye utumbo.

Liko jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi, nami naliona kuwa kiini cha suala zima. Kingamwili chache zinatosha kuizuia chanjo, lakini hizo hizo chache hazitoshi kumkinga mtoto na ugonjwa. Kwa hiyo, kila mtoto hupita katika kipindi ambacho anaweza kuugua surua na bado chanjo haishiki vizuri. Hakuna tarehe inayoweza kukifuta kipindi hicho kwa watoto wote. Kinachowezekana ni kuchagua umri ambao hasara yake ni ndogo zaidi, na kisha watu wanaomzunguka mtoto wawe wamechanjwa ili ugonjwa usimfikie katika miezi hiyo. Angalia kadi za kaka na dada zake leo hii.

Swali: Mdogo wangu anaishi Marekani, na huko mtoto wake alichanjwa baada ya kutimiza mwaka. Je, sisi tunapewa ratiba duni? (Baba, Nakuru)

Hapana, ndugu yangu, na historia ya Marekani yenyewe inathibitisha hivyo. Chanjo ya surua ilipoidhinishwa huko mwaka 1963, watoto walichanjwa wakiwa na miezi tisa. Mwaka 1965 umri ukapandishwa hadi miezi 12, na mwaka 1976 hadi miezi 15, kadiri ilivyoonekana kwamba waliochanjwa wakiwa wadogo walibaki bila kinga kwa idadi kubwa zaidi. Leo ni kati ya miezi 12 na 15. Waliweza kusubiri kwa sababu surua ilikuwa imepungua sana katika mazingira yao, hivyo mtoto wa miezi kumi hakuwa na hatari kubwa ya kuambukizwa.

Kwetu hesabu ilikuwa tofauti. Miongoni mwa tafiti zilizojenga ratiba ya Afrika ni ule uliofanywa nchini Kenya na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ukachapishwa mwaka 1977. Watafiti walipima kinga ya watoto katika mwaka wa kwanza wa maisha ili kupata umri unaofaa, wakati ambapo watoto wengi walikuwa wakiugua kabla ya kutimiza mwaka. Kwa makadirio yanayotumika mpaka sasa, chanjo inayotolewa katika miezi tisa hushika kwa watoto takriban 85 kati ya 100, na inayotolewa katika miezi 12 hushika kwa takriban 95. Kusubiri miezi mitatu kungewapa kinga watoto kumi zaidi katika kila mia, lakini kungewaacha wote mia wazi kwa miezi hiyo mitatu, mahali ambapo virusi vinazunguka. Miezi tisa ni uamuzi uliopimwa, na mimi nauona kuwa wa haki kwa mtoto wa Nakuru.

Hao 15 waliobaki ndio sababu ya dozi ya pili. Kenya iliianzisha mwaka 2013 na Tanzania mwaka 2014, na nchi zote mbili huitoa katika miezi 18. Mzazi asiidhani kuwa ni nyongeza ya hiari, kwa kuwa hakuna anayeweza kumtazama mtoto kwa macho na kujua kama yumo katika wale 85 au katika wale 15.

Swali: Mimi sikuwahi kuugua surua, nilichanjwa utotoni. Mama yangu aliugua. Je, nimempa mwanangu kinga kidogo kuliko aliyonipa mama? (Mama, Mombasa)

Inawezekana sana. Mtu aliyeugua surua kwa kawaida hubaki na kingamwili nyingi kuliko aliyechanjwa, na mtoto hurithi kulingana na alichonacho mama. Utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wa akina mama waliochanjwa walibaki na kingamwili kwa takriban mwezi mmoja tu, ilhali watoto wa akina mama waliougua walikuwa nazo kwa karibu miezi minne. Mtoto aliyezaliwa njiti naye hupata kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kingamwili hupita katika wiki za mwisho. Maambukizi ya VVU kwa mama yanaweza kupunguza kiasi kinachopita, na malaria ya kondo la nyuma vilevile, jambo linaloongeza uzito wa chandarua na vidonge vya kuzuia malaria unavyopewa kliniki.

Hata hivyo, usijute kuchanjwa. Surua ya mama yako ingeweza kumwua au kumpofusha kabla hujazaliwa. Kadiri akina mama waliochanjwa wanavyoongezeka, swali la kuchanja watoto mapema kidogo litazidi kuwa na nguvu kwa wataalamu. Kwa mzazi wa leo, jibu ni kumfikisha mtoto kliniki mara anapotimiza miezi tisa, wala asingoje afikishe kumi na moja.

Swali: Je, niache kunyonyesha siku ya chanjo ili maziwa yasiiharibu? (Mama, Tanga)

Usiache. Kingamwili za maziwa nyingi ni za aina nyingine, hukaa zaidi mdomoni na tumboni mwa mtoto, na haziingii katika damu kwa kiasi cha kuizuia sindano ya surua. Mnyonyeshe kabla na baada. Tena kunyonya kunamtuliza.

Swali: Kulitokea mlipuko, mwanangu akachanjwa akiwa na miezi saba. Sasa naambiwa arudie akifika tisa. Kwa nini? Na kama miezi saba inafaa, kwa nini isiwe kwa wote? (Mama, Bukavu)

Dada, arudie akifika miezi tisa, kisha apate na ile inayofuata kwa ratiba ya nchi yenu. Dozi ya kabla ya miezi tisa huitwa dozi sifuri, nayo haihesabiwi. Hutolewa kuanzia miezi sita wakati wa mlipuko, katika kambi za wakimbizi, na kwa watoto wenye VVU au waliozaliwa na mama mwenye VVU. Hushika kwa watoto wachache zaidi, lakini surua inapokuwa mtaani, kumkinga mtoto huyu leo ni bora kuliko kumngoja. Wakongo mnalijua hili kwa uchungu: katika mlipuko ulioanza mwaka 2019 vilihesabiwa vifo zaidi ya 6,000.

Kuhusu kuwapa wote mapema, jambo hilo lilijaribiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilipendekezwa chanjo ya aina ya Edmonston-Zagreb yenye virusi vingi mara nyingi zaidi ya kawaida, itolewe katika miezi sita ili izishinde kingamwili za mama. Kingamwili za mtoto zilipatikana. Lakini watafiti walipoendelea kuwafuatilia watoto nchini Senegal, Guinea-Bissau na Haiti, waliona kwamba wasichana waliopewa dozi hiyo walikufa zaidi kuliko waliopewa ya kawaida, tena si kwa surua. Mwaka 1992 ikasitishwa. Chanjo aliyopata mwanao ni ya kiwango cha kawaida, si ile. Nimelieleza jambo hili ili ujue kwa nini wataalamu hawaharakishi kuibadili ratiba kabla ya kuwafuatilia watoto kwa muda wa kutosha.

Swali: Nilifika kituoni siku mtoto alipotimiza miezi tisa, nikaambiwa nirudi wiki ijayo kwa kuwa watoto hawajatosha kufungua chupa. (Mama, Kilifi)

Inaniuma kila ninapoyasikia haya. Chupa ya chanjo ya surua mara nyingi huwa na dozi kumi, na ikishachanganywa na kimiminika chake ni lazima itumike ndani ya saa sita, au mwisho wa kliniki ukifika kwanza, kisha inayobaki itupwe. Muuguzi anayeogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizopotea hungoja watoto wafike idadi fulani. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja anayestahili, kwa kuwa dozi tisa zilizotupwa ni gharama ndogo kuliko mtoto asiyerudi. Sema kwa adabu kwamba umetoka mbali na uombe kumwona msimamizi wa kituo. Ikishindikana, uliza siku ambayo chanjo ya surua hutolewa kwa hakika, iandikwe kwenye kitabu cha kliniki, na urudi siku hiyo.

Swali: Mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka mitatu na hana rekodi yoyote ya chanjo. Amechelewa? (Mlezi, Dodoma)

Pole kwa msiba. Hajachelewa, na kwa umri wake kingamwili za mama hazipo tena za kuizuia chanjo. Kama hakuna kadi, achukuliwe kuwa hajachanjwa: apewe dozi ya kwanza sasa na ya pili baada ya angalau wiki nne. Ikitokea alikwisha kuchanjwa, dozi ya ziada haitamdhuru. Omba pia kadi mpya siku hiyo hiyo, na umwulize muuguzi ni chanjo zipi nyingine anazoweza kupewa katika ziara hiyo moja.