Jibu: Hukumu ya mzee ya 2016 dhidi ya hati mpya ya jirani

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama hati ya kumiliki ardhi aliyoipata jirani 2021 inafuta hukumu ya ardhi hiyo aliyoshinda baba yako 2016. Haiifuti. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 kinailinda hati, lakini iliyopatikana kwa ulaghai au kinyume cha utaratibu inaweza kupingwa. Mwaka 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management, Mahakama ya Juu ilisema lazima uangalie hati ilikotoka.

Kesi mpya aliyofungua jirani, mpinge kwa kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai: jambo lililokwisha kuamuliwa kati ya watu wale wale, au waliopata haki kupitia kwao, halisikilizwi upya. Kama jirani alinunua kwa yule aliyeshindwa, kinamfunga naye.

Je, hukumu ilisajiliwa kwenye rejista ya ardhi? Ya marehemu babu yangu ilikaa ndani ya sanduku la bati mpaka muhuri ukafifia, na rejista bado ina jina la aliyeshindwa. Inauma mpaka leo. Baada ya miaka 12 utekelezaji wa hukumu hufungwa, kwa hiyo nenda ofisi ya ardhi wiki hii na nakala ya hukumu iliyothibitishwa, uweke na tahadhari (zuio la kusajili mabadiliko) kwenye rejista.