RNA ya bakteria inapotelea wapi ndani ya seli za kiwele?

Swali: Naambukiza seli za kiwele cha ng'ombe aina ya MAC-T kwa Staphylococcus aureus, naua bakteria waliobaki nje kwa jentamaisini, na baada ya saa 4 natoa RNA kwa TRIzol (kimiminika cha kuvunja seli na kutoa RNA). RNA inatoka nyingi na safi, naigeuza kuwa cDNA (nakala yake ya DNA) kwa praima, yaani vipande vifupi vya kuanzishia unakili, za oligo-dT. Kwenye qPCR (kipimo kinachoongeza DNA mara mbili kila mzunguko) jeni za bakteria zinajitokeza mzunguko wa 35, na kisima (kitundu cha sahani ya kipimo) kisichotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA nacho kinasoma 36. Kosa liko wapi?

Jibu: Anza na praima. Oligo-dT hushika mkia wa poli-A, na mRNA (RNA inayobeba ujumbe wa jeni) ya bakteria haina mkia wa namna ile ulioko kwenye mRNA ya ng'ombe. Ulichogeuza ni cha ng'ombe karibu chote. Tumia praima nasibu za herufi 6.

Halafu tazama hizo namba mbili. Mzunguko mmoja ni tofauti ya mara mbili tu, maana yake karibu nusu ya unachokisoma ni DNA. Jeni za bakteria hazina introni (vipande vya jeni vinavyokatwa kwenye mRNA) za kukusaidia kuikwepa, kwa hiyo rudia DNase, kimeng'enya cha kuharibu DNA, nyuzi 37 kwa dakika 30. Pengo la namba hizo mbili likiwa chini ya mizunguko 7, mimi sampuli hiyo siipokei.

Wingi wa RNA usikudanganye: seli moja ya ng'ombe ina pikogramu 10 hadi 30, bakteria mmoja takriban 0.1. Tena TRIzol peke yake haiuvunji vizuri ukuta mnene wa stafilokokasi. Ukishaosha seli, mwaga TRIzol papo hapo juu ya kisahani. Usipitie tripsini (kimeng'enya cha kubandua seli), kwani mRNA ya bakteria huishi dakika chache, nawe utapima mshtuko wa tripsini. Hamishia kwenye kichupa chenye shanga za zirkonia za milimita 0.1, tikisa kwa mashine sekunde 40 mara mbili, katikati ukikipoza kwenye barafu.

Hujasema unalinganisha na nini, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Ukilinganisha na bakteria waliokesha kwenye mchuzi wa kuwakuzia, RNAIII (RNA ya stafilokokasi inayoongoza jeni za sumu) itaonekana imeshuka kumbe inafuata msongamano wao tu, wala si kazi ya seli. Weka bakteria walewale kwenye midia ileile bila seli, CO2 asilimia 5, saa zilezile, na usawazishe kwa gyrB, jeni ya bakteria ya kulinganishia. 16S (RNA ya ribosomu) ni nyingi mno. Midia hiyo ikigeuka kutoka nyekundu kuwa njano, bakteria wameshazidi na asidi imepanda: rudia ukianza na wachache zaidi.