Jibu: Mwigizaji wa Kijapani aliyegeuka mwongozaji

Mkuu, umeuliza kama enzi zile za filamu nyeusi-nyeupe kuna mwigizaji wa kike Japani aliyewahi kushika usukani mwenyewe. Yupo: Kinuyo Tanaka. Alizaliwa 1909, akaanza kuigiza akiwa binti mdogo, na mwaka 1931 akacheza kwenye filamu ya kwanza ya Kijapani yenye sauti. Alikuwa nyota haswa. Si wa kwanza kuongoza, maana Tazuko Sakane alimtangulia 1936, lakini Tanaka ndiye aliyedumu: filamu sita kati ya 1953 na 1962.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba mwongozaji maarufu Kenji Mizoguchi, aliyempa nafasi zake kubwa kabisa za kuigiza, ndiye aliyempinga asiwe mwongozaji. Yasujiro Ozu, mwongozaji mwingine mkubwa, kinyume chake alimuunga mkono, hata uandishi wa filamu yake ya pili una mkono wake.

Kama una muda wa moja tu, anza na ile ya 1955 kuhusu mshairi Fumiko Nakajo, aliyekufa kwa saratani ya titi. Kuna mahali mshairi anaoga nyumbani kwa rafiki yake, anaimba kabisa, halafu anamwonyesha rafiki kifua kilichokatwa. Yule rafiki anageuza uso. Niliisimamisha hapo nikaenda kuchemsha chai kwanza.

Kuigiza hakuacha, na 1975 tamasha la filamu la Berlin likampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Akafariki 1977.