Jibu kwa mkuu aliyeuliza: zuplanktoni (vijidudu vinavyoelea majini) wa bahari za baridi wanajuaje wakae kina gani?

Mkuu umeuliza kadudu ka milimita 3 hivi, hakana saa wala kipimo, kanajuaje kukaa mita 20 leo halafu baadae unakakuta mita 600 huko. Waliotangulia wamekujibu eti kanatafuta tu joto linalokafaa. Joto lipo kwenye hesabu, ila mi nimeshusha neti za kuwakamata kwa mikono yangu na nakwambia kikubwa zaidi ni mwanga, yani nani anaweza kukaona akakala.

Nilipokuwa nasoma Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, tulienda visiwa vya Svalbard karibu na ncha ya kaskazini mwezi wa kwanza, kule jua likizama mwishoni mwa mwezi wa kumi ndo basi mpaka katikati ya mwezi wa pili, saa sita mchana unaona nyota. Kabla ya kushusha chochote mkuu wa msafara akaamuru taa zote za nje zizimwe. Nikashangaa, tunafanya kazi gizani na baridi yote hii? Kumbe taa za meli zenyewe zinawafukuza, imeshapimwa wanashtuka hadi mita 200 chini, sasa ukiziacha zinawaka unapima woga wao, siyo mahali wanapoishi.

Halafu mbalamwezi. Baba yangu mdogo anavua dagaa kwa taa, mwezi ukiwa mpevu wanapumzisha boti wanasubiri giza. Kumbe hata kule jua likishapotea viumbe wanaanza kufuata mwezi, wanapanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24.8 badala ya 24, na mwezi mpevu ukiwa juu wengi wanajificha kwenye mita 50 hivi.

Sasa hiyo mita 600 yako ni habari nyingine, huko ni kulala. Kuna jamii inaitwa Calanus, masika ya kule, yani baridi ikiisha, vimwani vidogo vya baharini vikichanua anakula mfululizo. Nilimuweka mmoja kwenye hadubini, mwili kama kioo, antena mbili ndefu karibu sawa na mwili wenyewe, na katikati kimfuko cha mafuta kinang'aa, kimejaa mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Akishajaza hivyo hana sababu ya kubaki juu kwenye samaki kama heringi wanaowinda kwa macho, anashuka, kwenye Bahari ya Norwei wengi wanapita mita 500 hadi kwenye maji ya karibu nyuzi 0. Hapo ndo joto linaingia, baridi inapunguza kasi ya mwili na yale mafuta yanamfikisha masika. Ila akiwa kwenye ghuba yenye mita 300 tu sakafu inamzuia, analala hapo hapo na wanaomla wanamkuta.

Kama unaenda kuchukua sampuli, andika hali ya mwezi na mawingu kila unaposhusha neti. Mi usiku wa kwanza sikuandika mawingu, na zile chupa za sampuli sikuweza kuzilinganisha na za siku zilizofuata.